Mcheza Kwao na Sifa ya Mgeni

Wahenga wetu walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Walimu wengi huifundisha methali hii kwa kuonyesha faida ya mtu kukaa kwao, na wanafunzi huikariri hivyo hadi siku ya mtihani. Lakini tukiitazama kwa makini tutaona kwamba ina upande wa pili ambao hausemwi mara nyingi. Kutunza ngomani ni kumwendea mchezaji mbele ya watu na kumpa chochote, kiwe kikubwa au kidogo, ili ajue kwamba kazi yake imeonekana na waliomzaa. Basi methali humwahidi mchezaji tuzo, na papo hapo huwatwika wenyeji deni la kuitoa. Asiyetunza kwao ana hatia sawa na mwenye kuhudhuria karamu akakataa kunawa mikono.

Yafaa basi tujiulize. Mchezaji akicheza kwao miaka ishirini asitunzwe, kisha akaenda kucheza ugenini akatunzwa, na aliporudi wenyeji nao wakaanza kumpigia makofi, je, makofi hayo ni tuzo? Je, ni haki iliyochelewa, ama ni mwangwi tu wa makofi ya mgeni? Swali hili si la kubuni. Limo katika historia ya muziki wa umeme wa watu wa kawaida wa nchi yetu, na sisi wa Tukuyu na wilaya nzima ya Rungwe, ingawa tuko mbali na pwani ulikozaliwa muziki huo, tunahusika nalo kama tutakavyoonyesha.

Katika miaka ya 1980 vinanda vidogo vya umeme vya Casio, ambavyo huko vilikotengenezwa vilikusudiwa zaidi watoto na wanaojifunza, vilianza kuingia katika mitaa ya Dar es Salaam. Vijana wa uswahilini, ambao hawakuwa na fedha za kununua magitaa na matarumbeta ya bendi za dansi, walivichukua vinanda hivyo, wakaviunganisha na vipaza sauti vilivyokuukuu, wakaviweka kati ya ngoma zilizotokana na ngoma za Wazaramo. Sauti ilikwaruza, nayo ikapendwa kwa mkwaruzo wake. Muziki huo ukaitwa mchiriku, na wengine waliuita mnanda. Ulipigwa katika harusi, katika unyago na jando, na katika sherehe za mitaani zilizokesha hadi alfajiri. Maneno yake yalihusu ukosefu wa kazi, dawa za kulevya, mapenzi yaliyovunjika na maradhi yaliyokuwa yakiwaua vijana wakati huo.

Miongoni mwa makundi ya mchiriku lilikuwamo Jagwa Music, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nyimbo za makundi hayo zilienea kwa kanda za kaseti zilizouzwa vichochoroni na kupigwa ndani ya daladala. Redio hazikuwapa nafasi ya maana. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuwa redio pekee ya Bara hadi sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa redio za watu binafsi, ilikuwa na bendi za dansi na vikundi vya taarab na kwaya. Na redio mpya zilipokuja, ziliuinua muziki wa kizazi kipya ulioitwa Bongo Fleva. Katika vinywa vya watu wenye heshima zao, mchiriku ulikuwa na jina moja tu: muziki wa wahuni. Wapigaji wakazeeka na kanda zikachakaa, na aliyedhani kwamba mambo yamekwisha hakuwa na sababu ya kulaumiwa.

Kumbe hayakuwa yamekwisha. Mwaka 2012 kampuni ya santuri ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa sahani ya Jagwa Music iliyoitwa Bongo Hotheads, na kundi hilo, likiongozwa na sauti ya Jackson Kazimoto, likaalikwa katika majukwaa ya Ulaya. Waandishi wa huko waliusifu mkwaruzo ule ule wa kinanda uliokuwa umedharauliwa nyumbani. Wakati huo huo mitaa ya Dar es Salaam ilikuwa tayari imezaa mtoto wa mchiriku. Mtoto huyo ni singeli. Huyu hakuhitaji hata kinanda. Kompyuta moja ilimtosha. Vijana walichukua vipande vifupi vya taarab na vya ngoma, wakavirudia na kuviharakisha hadi mapigo yakapita 200 kwa dakika, na katika nyimbo nyingine yakakaribia 300. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli ulioitwa Sounds of Sisso, na baada yake zikafuata sahani za Bamba Pana, Jay Mitta, Duke na wengineo. Nyumbani, majina kama Msaga Sumu na Man Fongo yakatoka katika vigodoro vya mitaani yakaingia katika redio, na hatimaye katika mikutano ya hadhara ya wanasiasa. Muziki wa wahuni ukawa muziki wa taifa bila ya yeyote kutangaza siku ya mabadiliko hayo.

Leo singeli hupigwa Tukuyu. Husikika katika saluni za kunyolea nywele na katika pikipiki za bodaboda zinazopanda kutoka Kiwira. Husikika pia katika harusi zinazofanyika kwenye kumbi na viwanja vya shule, wakati ndizi na chai vinashuka kwa malori kuelekea Mbeya. Kijana wa Masoko au wa Kyimo, ambaye hajapata kuiona Manzese wala Tandale ya Dar es Salaam, anajua kuucheza. Naye mwalimu wake anaulizwa na wazazi kama muziki huo uruhusiwe katika mahafali. Mwalimu huyo amjibu mzazi kwa kipimo gani?

Kwa kawaida hujitokeza waamuzi watatu, na kila mmoja hudai kwamba neno lake latosha.

Mwamuzi wa kwanza ni mgeni. Hatumdharau, kwa kuwa mara nyingi mgeni huona kile ambacho jicho la mwenyeji limezoea hata likapofuka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bi Kidude wa Unguja aliimba kwa miongo mingi kabla ya kupewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na hakuna asemaye kwamba tuzo hiyo ilikosea njia. Lakini mgeni husikia sauti pasipo maneno, tena pasipo jirani anayeolewa na mama anayetunzwa. Akisifu, amesifu alichokisikia yeye. Na ladha ya mgeni ni mali yake. Leo hupenda mkwaruzo, kesho aweza kuuchoka. Taifa linalouthamini muziki wake kwa sababu mgeni ameuthamini, siku mgeni atakapogeuka litabaki na nini mkononi?

Mwamuzi wa pili ni umati. Kipendwacho na wengi, tunaambiwa, ndicho chema, kwani kizuri chajiuza. Hapa yatupasa tukumbuke kwamba mchiriku ulikuwa ule ule wakati wa kupendwa, wakati wa kusahauliwa na wakati wa kupendwa tena. Kama thamani yake ingekuwa katika wingi wa wasikilizaji, tungelazimika kusema kwamba wimbo mmoja ulikuwa mwema mwaka 1995, ukawa mbaya mwaka 2005, kisha ukatubu na kuwa mwema mwaka 2012. Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo. Umati hutuonyesha kilichofika kwa watu, jambo ambalo si dogo, lakini hautuambii kimewafanya nini baada ya kufika. Na wahenga walijua pia kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Mwamuzi wa tatu ni mwenye mamlaka. Sisi tuliotumikia ofisi za umma twamjua huyu, wala hatusemi kwamba hana kazi. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri, alisikitika kwamba wasomi wetu walijua kucheza rumba, chachacha na twist lakini wengi wao hawakupata hata kusikia juu ya gombe sugu, kiduo au lelemama. Na siku hiyo akatangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alikuwa na haki ya kusikitika. Aliyekuwa ametawaliwa alikuwa amefundishwa kujidharau, na serikali yake ilipaswa kumfundisha kujiheshimu. Lakini heshima huamshwa, nayo hailetwi kwa amri. Mwezi wa Novemba 1969 wakuu wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul katika madansi ya jiji, wakiwahofia vijana kuiga Marekani. Vijana wale wa soul ndio wazee wa leo, na wengi wao ndio walio wepesi kuilalamikia singeli. Amri haikuwaharibu, wala haikuwafundisha namna ya kupima. Iliwafundisha tu kwamba kupima ni kazi ya mtu mwingine.

Tazama basi kinachofanana kwa waamuzi hao watatu. Kila mmoja hutupunguzia taabu ya kusikiliza. Aliyeudharau mchiriku kwa sababu wakubwa waliudharau, na anayeusifu sasa kwa sababu Wazungu wameusifu, ni mtu yule yule. Amebadili bwana, hajabadili tabia. Kwa hiyo makofi yake ni mwangwi. Ili yawe tuzo, hana budi kuwa na kipimo chake mwenyewe, na kipimo hicho, kwa maoni yetu, hakiko mbali. Wazee wa Rungwe walikuwa nacho.

Katika lugha ya Kinyakyusa liko neno ukwangala. Tafsiri nyepesi ni kukaa pamoja kwa furaha, lakini neno ni pana kuliko hivyo. Ndani yake mna kula na kunywa na wenzako wa rika, kuzungumza nao kwa adabu, kucheka, kukosoana bila kutukanana, na kupata hekima ambayo mtu peke yake hawezi kuipata. Mtafiti Monica Wilson, aliyeishi Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alilikuta neno hili limekaa katikati ya maisha ya watu, hata kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya vijiji vya marika akakipa jina linalotokana na fikra hiyo. Katika desturi hiyo wavulana, wafikapo umri wa miaka kama kumi au kumi na mmoja, waliondoka katika kijiji cha baba zao wakajenga vibanda vyao, na kijiji hicho kikakua pamoja nao. Wakati ulipofika, baba zao waliwakabidhi nchi kwa sherehe iliyoitwa ubusoka. Wazee walijua kwamba kila rika lapaswa kuwa na mahali pake, na sauti yake, kabla ya kukabidhiwa nchi. Hawakuzitaka nyimbo za vijana zifanane na zao. Walichotaka ni kwamba vijana wajue kukaa pamoja.

Kwa kipimo hiki ngoma hupimwa kwa kazi inayoifanya kati ya watu. Mfano mkubwa ni ngoma ya msiba. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walipofika Rungwe mwaka 1891, waliwakuta Wanyakyusa wakicheza mazikoni. Wanawake wakilia, wanaume wakirukaruka na mikuki mikononi, na ngoma zikivuma. Waliona utovu wa heshima kwa marehemu, na Wakristo wakazuiwa kucheza. Godfrey Wilson, katika maandishi aliyoyatoa mwaka 1939, alieleza kitu kingine: kwamba ngoma ile ilianzia katika hofu na uchungu, ikaendelea kwa ukali wa vijana mbele ya kifo, na ikaishia katika mazungumzo na kicheko, hivyo kwamba waliokuja wakiwa wamevunjika waliondoka wakiwa watu tena. Wote wawili waliutazama mchezo ule ule. Mmoja aliuliza unafanana na nini, na mwingine aliuliza unafanya nini. Tofauti ya dharau na hukumu ya haki ilikuwa katika swali.

Na tuurudishe mchiriku, pamoja na mtoto wake singeli, mbele ya kipimo hiki. Asemaye kwamba muziki huu ni kelele tu ameshindwa kusikia mambo mengi. Katika mtaa ambao jirani hajui jina la jirani, ambao kila mtu amekuja juzi kutoka mkoa mwingine kutafuta riziki, muziki huu uliwatoa watu ndani ya vyumba vya kupanga ukawaweka uwanjani. Harusi ya maskini ikawa harusi. Kijana asiye na kazi akasikia taabu yake ikitajwa hadharani, akaona kwamba si aibu yake peke yake. Hiyo ni ukwangala, ingawa hufanyika kwa kasi ambayo wazee wa Rungwe wasingeiweza. Na asemaye kwamba kinanda cha Casio na kompyuta si vyombo vyetu, akumbuke beni. Ngoma hiyo ilizaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, ikaenea bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Leo hakuna anayeiandika historia ya ngoma zetu akaiacha. Chombo huwa chetu siku tunapokilazimisha kusema mambo yetu.

Lakini kipimo cha haki hukata pande mbili. Ukwangala hautimizwi na kila mkusanyiko wenye furaha. Wazee waliokusanyika kunywa walikuwa na adabu ya kauli, na aliyemvunjia mwenzake heshima aliivunja baraza. Basi pale ambapo wimbo wa singeli humfanya msichana aliye uwanjani kuwa kichekesho, au humtukana mama wa watu ili wanaume wacheke, wimbo huo umeivunja baraza uliyoijenga wenyewe. Kigodoro ambacho binti hawezi kukiendea bila ya kuvuliwa heshima yake ni furaha ya nusu ya mtaa. Hapa mwalimu ana haki ya kukataa, na akikataa awaeleze wanafunzi sababu, ili wajifunze kupambanua wimbo na wimbo. Akipiga marufuku singeli yote atakuwa amerudi katika amri ya mwaka 1969. Akiruhusu yote kwa kuwa imependwa Ulaya atakuwa amemkabidhi mgeni ufunguo wa shule.

Hatuna budi pia kutofautisha kurudi na kurudi. Ziko sanaa zinazorudi na kazi yake, na ziko zinazorudi kama vyombo vya makumbusho. Singeli imerudisha mchiriku ukiwa hai, kwa sababu bado unaoza watu na kuwakesha. Ngoma za Kinyakyusa zina safari nyingine. Katika nusu ya pili ya miaka ya 2010 tamasha la ngoma za asili la Tulia lilizikusanya ngoma za makabila mbalimbali mjini Tukuyu, na vijana wengi walipata kuiona ing'oma ikichezwa jukwaani kwa mashindano. Ni jambo jema, kwani lisiloonekana husahaulika. Lakini ngoma ya jukwaani huanza mwamuzi anaponyanyua mkono na huisha baada ya dakika chache, wakati ile ya asili iliisha pale watu walipokuwa wamefarijika. Jukwaa laweza kuhifadhi miondoko, nasi twashukuru. Kazi ya ngoma yahitaji kutafutiwa mahali pengine pa kuishi, katika harusi, katika misiba, katika sherehe za mavuno, na kwa nini isiwe katika kompyuta ya kijana wa Tukuyu anayejua mapigo ya babu yake? Wale wa Dar es Salaam walianza na ngoma za Wazaramo. Vijana wetu wakiichukua singeli ya pwani kama ilivyo wataburudika. Wakiijibu kwa mapigo ya kwao watakuwa wametunga.

Sasa twaweza kulijibu swali tulilouliza mwanzoni. Makofi yanayokuja baada ya sifa ya mgeni yaweza kuwa mwangwi, na yaweza kugeuka tuzo. Inategemea tunafanya nini baada ya kupiga makofi. Tuzo ya kweli ina gharama. Ni kuyaandika majina ya waliopiga vinanda vile katika miaka ambayo hakuna aliyewaalika, wakati bado wako hai na wanaweza kusimulia. Ni kuhakikisha kwamba sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamfikia mtunzi wa uswahilini asiye na wakili, ambaye kipande cha wimbo wake husafiri dunia nzima kabla yeye mwenyewe hajapata nauli ya kwenda mjini. Ni kuziingiza nyimbo hizi katika mazungumzo ya darasani pamoja na tenzi na hadithi, zisomwe, zipimwe, zikosolewe kwa maneno yenye sababu.

Na iko gharama nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni ya kesho. Hivi sasa, nyuma ya duka fulani au katika chumba kimoja cha kupanga, wako vijana wanaotengeneza sauti ambayo sisi wazee tutaiita uhuni. Huenda ni uhuni kweli. Huenda pia ni mchiriku wa karne hii. Hatutajua kwa kungoja barua kutoka Ubelgiji au Kampala. Tutajua kwa kwenda kukaa barazani, kusikiliza hadi mwisho, na kuuliza swali la wazee wa Rungwe: je, waliokusanyika hapa wataondoka wakiwa watu zaidi kuliko walivyokuja? Jibu likiwa ndiyo, tuingize mkono mfukoni na kuwatunza, maana wanacheza kwao.